Kuua Konokono wa Kichocho kwa Dawa ya Mimea: Mwongozo Kamili, Kuanzia Tunda Hadi Bwawani

Swali linaloulizwa kuliko yote kuhusu dawa za mimea ni hili: tuliponda matunda, tukayamwaga bwawani, povu likatanda, lakini mwezi haukuisha konokono wakawa wamejaa kama zamani. Wengine waliua samaki wote na kubaki na konokono walewale.

Mara nyingi mmea hauna kosa. Tunda lilichumwa likiwa limeshaiva, au lilichemshwa, au maji hayakupimwa, au kazi ilifanywa mara moja ikaachwa.

Dawa ya kiwandani ya niklosamidi huja na maelezo ya kiasi gani kwa maji kiasi gani. Tunda lililochumwa kichakani halina maelezo hayo. Kipimo chake lazima ukitafute mwenyewe, kwa ndoo na konokono kumi kumi, kabla tone la kwanza halijaingia bwawani. Ukiruka jaribio hilo, yote yanayofuata ni kubahatisha.

Mwongozo huu unatumia endodi (Phytolacca dodecandra), mmea unaotambaa na kuzaa vishada vya matunda madogo. Ndio mmea uliochunguzwa zaidi kwa kazi hii, tangu Aklilu Lemma alipoona mwaka 1964 huko Adwa, Ethiopia, konokono waliokufa kwenye kijito ambamo kinamama walikuwa wakifua nguo kwa matunda yake. Mimea mingine nimeieleza mbele.

## Mahali ambapo dawa hii haiendi

Soma sehemu hii kwanza, kwa sababu huenda ikakuzuia kuendelea, na kuzuiwa hapa ni bora kuliko kujuta baadaye.

Kinachoua konokono ndani ya endodi ni saponini, kemikali ya mimea inayotoa povu kama sabuni, na saponini huharibu matamvua ya samaki. Kiasi kinachomaliza konokono kinamaliza samaki pia, pamoja na viluwiluwi vya vyura. Kwa hiyo usiiweke kwenye bwawa la kufugia samaki, wala kwenye ghuba ya ziwa ambako watu wanavua.

Usiiweke kwenye chanzo cha maji ya kunywa. Usiiweke kwenye mto unaotiririka; sababu utaiona tutakapofika kwenye hesabu.

Mahali pake hasa ni madogo na yenye mipaka: dimbwi ambalo watoto huogelea, lambo lisilo na samaki, mfereji wa umwagiliaji unaoweza kuzibwa kwa siku moja, kona tulivu ya maji ambako watu hufulia.

Na hata hapo, pata kwanza idhini ya mamlaka zinazosimamia maji, afya na mazingira, kisha wajulishe wote wanaotumia maji hayo. Kuitwa dawa ya asili hakuiondolei ukweli kwamba ni sumu unayoiweka kwenye maji ya watu.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla hujachuma tunda hata moja:

- Buti ndefu za mpira na glavu za mpira zinazofika karibu na kiwiko
- Miwani ya kujikinga inayoziba pembeni, na barakoa
- Mizani inayopima gramu, na nyingine ya kilo
- Bomba la sindano la mililita 10, bila sindano
- Vyombo vitano vinavyofanana, kila kimoja cha lita moja na nusu au zaidi
- Ndoo au mapipa ya plastiki yenye vifuniko
- Kinu na mchi, au mashine ya kusaga ambayo haitatumika tena kwa chakula
- Chekeche la waya lenye matundu ya milimita mbili hivi, limefungwa kwenye mti mrefu
- Kibanio cha kuokotea konokono
- Kitambaa cha kuchujia, na vipande vya chandarua
- Futi ya kupimia, kamba, na fimbo iliyowekwa alama za sentimita
- Bomba la kupulizia la mgongoni
- Daftari

Watu huacha miwani kuliko kifaa kingine chochote. Vumbi la endodi likiingia jichoni huwasha vikali, na likiingia puani utapiga chafya mpaka machozi yatoke. Usisage bila miwani na barakoa.

## Hatua ya 1: Mjue konokono unayemtafuta

Si kila konokono wa maji baridi anabeba kichocho. Barani Afrika wanaohusika ni wa jenasi mbili: Bulinus, anayebeba vimelea vya kichocho cha mkojo, na Biomphalaria, anayebeba vile vya kichocho cha tumbo.

Mshike konokono kwa kibanio, ncha ya gamba ikiwa juu na mlango wake ukikutazama. Mlango ukiwa upande wako wa kushoto na gamba likiwa fupi lenye tumbo nene, yaelekea ni Bulinus. Ukiwa kulia na gamba ni jembamba, huenda ni Lymnaea, anayebeba minyoo bapa ya ini ya mifugo.

Biomphalaria hana ncha inayochomoza. Gamba lake ni bapa, limejiviringa kama kamba iliyokunjwa juu ya meza. Ukimponda, hutoa majimaji mekundu, kwa sababu damu yake ina himoglobini, kitu kilekile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu.

Kuna dalili nyingine inayosaidia sana. Bulinus na Biomphalaria hawana kifuniko kigumu mlangoni. Ukikuta konokono aliyejifungia kwa kifuniko kama kisahani, si yeye. Ukiona maji yamejaa wenye vifuniko peke yao, huna sababu ya kuweka dawa.

Tahadhari. Usiwaokote kwa mikono mitupu. Vimelea vinavyotoka kwa konokono, serkaria, hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha katika muda wa dakika chache. Kwa aina za kichocho zilizoenea Afrika, serkaria hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri. Fanya kazi ya majini mapema asubuhi. Ukilowa kwa bahati mbaya, jifute papo hapo kwa taulo kavu ukisugua kwa nguvu. Hilo hupunguza hatari lakini haliiondoi, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa nenda kapime.

Umefanikiwa ukiwa na: mchoro wa eneo daftarini unaoonyesha wapi konokono wa kichocho wapo na wapi hawapo. Mara nyingi wamejazana kwenye vichaka vya magugu maji karibu na ukingo, na katikati hakuna kitu.

## Hatua ya 2: Hesabu kabla ya kuua

Chagua vituo vitano au zaidi ukingoni. Kila kituo chota kwa chekeche kwa dakika 15, ukipitisha chini ya majani na juu ya tope. Andika idadi kwa kila aina, tarehe, saa na jina la aliyechota.

Mchotaji awe yuleyule kila mara. Watu hutofautiana sana kwa wepesi wa mkono, na ukibadilisha mtu utadhani konokono wamepungua kumbe mchotaji mpya ni mzito.

Bila hesabu hii hutajua kama ulichofanya kilisaidia.

## Hatua ya 3: Chuma tunda likiwa bado kijani

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Tunda jekundu linapendeza na hupondeka kwa urahisi, ndiyo maana watu hulipenda. Lakini nguvu ya kuua konokono iko juu zaidi kwenye tunda lililokomaa ambalo bado ni kijani, kabla halijaanza kugeuka rangi.

Kata kishada kizima. Kianike kwenye kivuli chenye upepo, juu ya kitambaa au wavu, matunda yakiwa yametandazwa bila kurundikana. Usikaushe motoni wala kwenye oveni. Endelea mpaka tunda livunjike kwa mlio ukilibana kwa kucha.

Mmea huu una dume na jike mbalimbali, na matunda hutoka kwa jike tu. Pia miti haifanani kwa nguvu: watafiti wa Ethiopia walilinganisha aina nyingi na kuchagua ile waliyoipa namba 44 kwa sababu iliwashinda wenzake. Kwa hiyo weka alama kwenye kila mti unaochuma, na usichanganye mavuno ya miti tofauti kabla ya kuyajaribu.

Umefanikiwa ukiwa na: matunda makavu ya rangi ya kijani iliyofifia au kahawia, yasiyo na ukungu wala harufu ya kuchachuka. Yakihifadhiwa makavu kwenye chombo kilichofungwa hukaa muda mrefu bila kupoteza nguvu. Yasage pale tu unapokaribia kuyatumia.

## Hatua ya 4: Saga, loweka, na usiguse maji ya moto

Saga mpaka upate unga laini. Fanya kazi nje, upepo ukikupiga mgongoni, watoto wakiwa mbali.

Sasa sababu ya onyo la maji ya moto. Ndani ya tunda zima saponini nyingi ziko katika umbo ambalo halimdhuru konokono. Unga ukikutana na maji ya kawaida, kimeng'enya (kichocheo cha kikemikali) kilichomo ndani ya tunda lenyewe hukata kipande cha sukari kutoka kwenye saponini, na hapo ndipo inakuwa sumu kwa konokono. Maji ya moto huharibu kimeng'enya hicho kabla hakijafanya kazi. Spiriti nayo ni vivyo hivyo.

Ndiyo maana aliyechemsha hupata maji yenye rangi nzito, yenye povu zuri, yasiyoua. Povu ni dalili kwamba saponini zipo. Halikuambii ziko katika umbo gani, kwa hiyo usiliamini peke yake.

Kwa ajili ya jaribio, pima gramu 10 za unga, uweke kwenye lita moja ya maji ya kawaida yasiyo na klorini. Kama una maji ya bomba yenye klorini, yaache wazi usiku kucha kwanza. Koroga, funika, weka kivulini mpaka kesho yake, kisha chuja.

Kila mililita ya maji hayo sasa imebeba miligramu 10 za unga. Kumbuka namba hiyo.

Tahadhari. Maji ya dawa huchacha haraka. Yatumie siku ileile uliyoyachuja.

## Hatua ya 5: Jaribio la ndoo

Kusanya konokono 50 wa aina moja, wanaokaribiana ukubwa, wanaotembea. Waweke kwenye beseni la maji ya bwawa lao kwa siku nzima. Watakaokufa wenyewe waondoe, uwabadilishe na wazima.

Jaza vyombo vitano, kila kimoja lita moja ya maji ya bwawa yaliyochujwa. Cha kwanza usiweke kitu. Cha pili weka mililita 1 ya maji ya dawa, cha tatu 2, cha nne 5, cha tano 10. Umepata vipimo vya miligramu 0, 10, 20, 50 na 100 kwa lita. Weka konokono 10 katika kila chombo.

Funika kwa chandarua na ukikaze. Konokono akihisi sumu hupanda ukuta wa chombo na kutoka nje ya maji, akanusurika huku wewe ukidhani dawa ni dhaifu. Tabia hiyohiyo utaikuta bwawani, na tutaishughulikia kwenye hatua ya 8.

Baada ya saa 24 watoe, wasuuze, uwahamishie kwenye maji safi kwa saa 24 nyingine. Usiwahesabu mapema. Aliyejificha ndani ya gamba anaweza kuonekana mfu kumbe amejikunyata tu.

Mfu utamjua hivi: ukimgusa nyama kwa ncha laini havuti mwili, mwili umezama ndani kabisa ya gamba au umevimba na kulegea nje, wakati mwingine majimaji yamemtoka, na baada ya muda ananuka. Ukisita, mhesabu kuwa yu hai.

Sasa tazama chombo kisicho na dawa. Kama zaidi ya mmoja amekufa humo, jaribio halifai, rudia. Maji au konokono wako walikuwa na tatizo lingine.

Kama chombo hicho kiko salama, kipimo chako ni kile cha chini kabisa kilichoua wote kumi. Endodi nzuri huua kati ya miligramu 10 na 20 kwa lita. Ikifika 100 bila kuua wote, mavuno hayo hayafai. Huo ndio ukomo ambao watafiti hutumia kuamua kama mmea unastahili kufikiriwa kwa kazi hii. Usijaribu kufidia udhaifu kwa kuongeza magunia.

Umefanikiwa ukiwa na: namba moja unayoiamini, iliyorudiwa angalau mara mbili na kukupa jibu linalokaribiana.

## Hatua ya 6: Pima maji

Hesabu yenyewe ni nyepesi: urefu mara upana wa wastani mara kina cha wastani, vyote kwa mita, unapata mita za ujazo. Na kuna urahisi mmoja mkubwa hapa: miligramu moja kwa lita ni sawasawa na gramu moja kwa mita ya ujazo. Huna haja ya kugeuza chochote.

Tuchukue dimbwi lenye urefu wa mita 20, upana wa wastani mita 8, kina cha wastani nusu mita. 20 × 8 × 0.5 ni mita za ujazo 80.

Tuseme jaribio la ndoo lilikupa kipimo cha 20. Bwawani kuna tope, majani na maji yasiyochanganyika vizuri, vyote vikinywa sehemu ya dawa, kwa hiyo ushauri wangu ni kuzidisha mara mbili: gramu 40 kwa mita ya ujazo. 80 × 40 ni gramu 3,200, yaani kilo 3.2 za unga mkavu.

Kina ndicho kinachowaponza wengi. Usipime mahali pamoja. Pitisha kamba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine sehemu tatu tofauti, upime kina kwa fimbo kila baada ya mita moja, ukiwa ndani ya mtumbwi au kutoka ukingoni kwa fimbo ndefu. Ukikosea kina kwa nusu, umekosea dawa kwa nusu.

Na maji yanayotiririka? Tuseme kijito kina upana wa mita 1.2 na kina cha sentimita 25, na kijiti kinachoelea kinasafiri mita 10 kwa sekunde 50. Hiyo ni mita 0.2 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kwa 0.85: 1.2 × 0.25 × 0.2 × 0.85, unapata takriban lita 51 kila sekunde.

Kwa saa sita tu, kijito hicho kidogo kimepitisha mita za ujazo zipatazo 1,100. Kwa gramu 40 ungehitaji kilo 44 za unga, na zote zingesafiri kwenda kuua samaki wa watu wa chini. Hiyo ndiyo sababu nilisema usiguse mto. Mfereji wa umwagiliaji uzibe juu na chini, maji yatulie, uuhesabu kama dimbwi, na usiufungue kwa siku tatu.

## Hatua ya 7: Safisha magugu, chagua siku

Vuta magugu maji ukingoni siku chache kabla, kwa reki ndefu ukiwa nchi kavu. Yarundike mbali na maji, yakauke juani pamoja na konokono na mayai yaliyonata chini ya majani. Kazi hii peke yake huondoa konokono wengi, na huifungulia dawa njia ya kufika wanakojificha. Ukilazimika kuchagua kati ya siku ya kung'oa magugu na kilo ya ziada ya unga, ng'oa magugu.

Subiri msimu ambao maji yamepungua. Maji machache ni dawa chache, na mvua haitakuja kuizimua. Usianze siku ambayo mawingu yanatishia.

Jioni ya kuamkia siku ya kuweka dawa, loweka unga wa kazi: kilo 3.2 kwenye lita 32 za maji ya kawaida. Funika.

## Hatua ya 8: Weka dawa

Anza alfajiri, kabla watu hawajafika. Weka mtu kwenye kila njia inayoingia majini.

Chuja mara mbili kwa kitambaa, la sivyo bomba litaziba baada ya dakika chache. Makapi yaliyobaki kitambaani yaoshe kwa maji kidogo, uyakamue, na maji hayo yarudishe kwenye pipa mpaka yafike tena lita 32. Kisha makapi yafukie mbali na maji, mahali ambapo kuku na mbuzi hawafiki.

Kwa bomba la lita 15, weka lita 2 za maji ya dawa na ujalize 13 za maji ya kawaida. Utapata mabomba 16.

Mabomba 10 yapeleke ukingoni, mita mbili za kwanza kuelekea katikati, huko ndiko wanakoishi. Pulizia pia ukanda wenye unyevu juu ya maji, matope na shina za matete, kwa sababu wanaokimbia dawa hupanda huko. Mabomba sita yaliyobaki yasambaze katikati. Tembea polepole kwa mzunguko ulio sawa, na usimwage yote mahali pamoja.

Kabla ya kupulizia, shusha vifuko vya chandarua majini, kila kimoja na konokono 10 walio hai: kimoja ukingoni wazi, kimoja ndani ya magugu yaliyobaki, kimoja kwenye kina. Kingine kiweke kwenye ndoo ya maji yasiyo na dawa. Vifuko hivi ndivyo vitakavyokuambia dawa ilifika wapi.

Tahadhari. Zuia watu na mifugo kwa siku tatu kamili. Hata kama konokono wamekufa mchana huohuo, serkaria waliokwisha kutoka wanaweza kubaki hai majini kwa takriban siku mbili. Maji yaliyotiwa dawa leo si salama kuogea leo.

## Hatua ya 9: Soma matokeo

Baada ya saa 24 toa vifuko, wasuuze konokono, uwaweke maji safi kwa siku moja, kisha hesabu.

Kama vifuko vyote vya bwawani vimekufa na cha ndoo kiko hai, dawa ilifika kila mahali. Kama cha ndani ya magugu kimenusurika, rudi ukang'oe magugu. Kama cha kwenye kina kimenusurika, ulikosea kupima au hukufika katikati.

Siku ya saba rudia uchotaji wa hatua ya 2, vituo vilevile, mchotaji yuleyule. Usitegemee sifuri. Ukipata mmoja pale ulipopata ishirini, umefanya kazi nzuri.

## Hatua ya 10: Rudia baada ya wiki tatu

Endodi haiui mayai. Vipande vya utelezi unavyoviona chini ya majani, vyenye chembe ndogo ndani, vitapita kwenye dawa salama na kuanguliwa baada ya wiki moja hivi, zaidi kidogo maji yakiwa ya baridi.

Watoto hao huchukua wiki kadhaa kabla ya kuanza kutaga. Wiki ya tatu ndiyo nafasi yako: mayai yote yameshaanguliwa, na hakuna aliyefikia kutaga. Pima maji upya, loweka upya, pulizia tena kwa kipimo kilekile.

Usidharau waliobaki wachache. Konokono hawa wana jinsia zote mbili, na mmoja akibaki peke yake anaweza kujirutubisha na kulijaza dimbwi. Baada ya hapo hesabu kila mwezi, na uamue kwa namba kama kuna haja ya duru ya tatu. Bulinus hasa anaweza kujizika kwenye tope bwawa likikauka na kuibuka mvua zikinyesha, kwa hiyo hesabu ya mwanzo wa mvua usiikose.

Katika wiki hizo tatu kuna kazi nyingine isiyongoja. Konokono hapati kichocho kutoka hewani. Huambukizwa na mkojo au kinyesi cha mtu mgonjwa kinachofika majini. Watu wa eneo wapimwe na kutibiwa kwa prazikwanteli kupitia kituo cha afya, na vyoo vitumike. Bila hayo, konokono wa kwanza atakayerudi ataambukizwa.

## Kama endodi haipatikani

Mimea mingine yenye saponini hufanya kazi kwa taratibu hizihizi. Maganda ya tunda la Swartzia madagascariensis yalijaribiwa Ifakara, Tanzania, katika miaka ya 1980 na yakaonyesha nguvu. Tunda la mjunju (Balanites aegyptiaca) nalo lina saponini. Maji ya majani ya mkonge yanaua pia, lakini huhitaji kiasi kikubwa na huwasha ngozi. Kila mmoja anza nao hatua ya 5. Namba za endodi hazihamishiki.

Mitatu sikushauri. Utupa (Tephrosia vogelii) ni sumu ya samaki kabla ya kuwa sumu ya konokono. Utomvu wa mnyaa unaweza kupofusha. Mbegu za mbono kaburi zina sumu inayodhuru ngozi na tumbo, na kuzisaga kwa wingi ni hatari kwa msagaji. Mwarobaini hauna hatari hizo, ila matokeo yake majini hayatabiriki kiasi cha kuutegemea.

## Ukiona mambo hayaendi

Ndoo iliua, bwawa halikuua. Pima kina upya. Kama kina ni sahihi, angalia kama kuna chemchemi au mfereji unaoingiza maji mapya usiouona.

Mavuno ya mwaka huu ni dhaifu kuliko ya mwaka jana kutoka mti uleule. Yaliiva kupita kiasi, au yalikaushwa kwenye joto kali, au yaliota ukungu. Tenga gramu chache za kila mavuno zikiwa na tarehe, uzijaribu pembeni kwa kulinganisha.

Povu halitoki kabisa. Huenda si endodi. Mpelekee mtaalamu wa mimea tawi lenye maua na matunda kabla ya kuendelea.

Konokono hupungua kiangazi, hurudi kila mvua. Wanaingia na maji kutoka juu. Fuata mkondo mpaka kwenye dimbwi wanakotoka, lishughulikie hilo kwanza katika msimu wa maji machache, kisha weka wavu wa matundu madogo kwenye mlango wa maji wa bwawa lako na uusafishe kila wiki usizibe.